Kabla ya Nembo, Kitabu cha Ukoo

Desemba ikikaribia, mafundi wa kuchapisha fulana mjini Sumbawanga hupata kazi ambayo miaka ya nyuma haikuwepo: nembo za koo. Mteja anaingia na simu mkononi, anaonyesha picha ya ngao yenye simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma, anataka chini yake liandikwe jina la babu na mwaka. Fundi anabadilisha rangi, anaongeza mkuki, anauliza za wakubwa ngapi na za watoto ngapi. Siku ya mkutano ukoo mzima umejipanga uwanjani, iwe Msanzi, Matai au Mwazye, umevaa simba hao, na mpiga picha anawasihi wa pembeni wasogee.

Mimi ni katibu wa ukoo wetu hapa Msanzi. Nilifundisha shule za msingi wilayani hadi nilipostaafu, na mikutano ya ukoo naipenda kwa moyo wote. Inawakutanisha vijana wa Dar es Salaam na Tunduma na shangazi zao, watu ambao vinginevyo wangeonana msibani tu. Nembo nayo siichukii. Ninachokikataa ni nembo kutangulia nasaba. Tunavaa kifuani alama ya ukoo ambao hatujauandika. Ukiuliza katika mkutano huo huo nani alimzaa nani, baada ya babu mzaa babu sauti zinapungua, na zinazobaki zinapingana.

Nianze na simba wenyewe. Simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, makucha hewani na ulimi nje, ametoka kwenye ngao za wapiganaji wa Ulaya wa karne ya 12, waliojifunika chuma uso mzima na kuhitaji alama ya kutambuana vitani. Akiwa mwekundu juu ya rangi ya dhahabu, huyo ni wa wafalme wa Uskoti, na huko sheria inakataza mtu mwingine kumtumia kama wake. Vijana wetu wanamwokota kwenye intaneti wakidhani ni mchoro usio na mwenyewe.

Haya nisingeyajua kama familia yetu isingekuwa na wakwe huko. Binti wa kaka yangu ni muuguzi Aberdeen, na ameolewa na Mskoti. Mama mkwe wake alinunua dukani ubao mzuri wenye ngao, kofia ya chuma na kauli ya Kilatini, vyote chini ya jina la ukoo wa mumewe. Akautundika sebuleni. Binti yetu alipoanza kumfuatilia mumewe nasaba yake, ili watoto wajue pande zote mbili, akauliza ubao ule umetoka wapi. Jibu lilichukua muda, na lilipopatikana lilikuwa hili: ngao ile ni ya bwana mmoja mwenye mashamba aliyeandikisha nembo yake zamani. Walilingana jina tu. Wakwe zetu wanatokana na wachimba makaa ya mawe wa Lanarkshire.

Uskoti wana mahakama hai kwa ajili ya nembo. Inaitwa Mahakama ya Lord Lyon, iko Edinburgh, ina mwendesha mashtaka wake, na hakimu wake ni ofisa wa dola. Sheria ya mwaka 1672 iliagiza kila mwenye nembo ailete iandikwe katika rejista moja ya wazi, na rejista hiyo ingali inaandikwa mpaka leo. Msingi wake ni mmoja, na ndio ninaotaka wasomaji waushike: nembo ni mali ya mtu mmoja, aliyepewa au aliyerithi. Hakuna nembo ya jina. Watu elfu kumi wanaweza kuitwa jina moja na asiwepo hata mmoja mwenye haki ya kuweka ngao mlangoni pake.

Wala si sheria ya kwenye makaratasi. Mwaka 2015 klabu ya mpira ya Ayr United iliambiwa beji yake inavunja sheria ya nembo, na ikalazimika kutafuta nyingine. Msomaji aliye shabiki wa Simba au Yanga ajaribu kuwaza hilo.

Mtoto anayetaka kutumia nembo ya baba yake naye ana utaratibu. Mrithi, baba akiwa hai, huwekewa alama ndogo mfano wa utepe juu ya ngao, na baba akifa utepe unaondoka. Wadogo zake wanatakiwa kwenda kuandikishwa upya, na kwa kawaida ngao yao huzungushiwa pindo la rangi fulani. Wajukuu wa wadogo nao pindo hubadilishwa tena. Kwa hiyo mjuzi akiiona ngao anasoma humo: huyu ni nyumba fulani, tawi la mtoto wa tatu. Na hapewi mtu pindo hilo kwa kusema tu. Anapeleka vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, wosia, kila kiungo cha mnyororo toka kwake mpaka kwa yule wa kwanza aliyeandikishwa. Kiungo kimoja kikikosa ushahidi, ombi linasimama.

Mwanaukoo wa kawaida hakuachwa mikono mitupu. Anaruhusiwa kuvaa beji yenye alama ya mkuu wa ukoo wake, lakini ikiwa imezungushiwa mshipi uliofungwa kwa bizimu. Mshipi ule unatangaza kwamba alama ni ya mkuu, na aliyeivaa ni mtu wake. Napenda adabu iliyomo humo.

Kuna jambo jingine lililonigusa kama mwalimu. Katika rejista ile mchoro upo, lakini chenye nguvu ni maelezo ya maneno: ngao ni rangi gani, juu yake kuna nini, kimetazama wapi, kuna vingapi. Mchoraji wa leo akisoma maneno hayo anaweza kuichora nembo ya miaka mia tatu iliyopita kwa mkono wake mwenyewe, na ikawa ni ile ile. Picha inaweza kuungua. Maneno yakiwa yameandikwa sehemu mbili au tatu, nembo haifi.

Ndipo binti yetu akanipigia. "Shikamoo baba mdogo. Wakwe wanauliza, na sisi nembo yetu ni ipi?"

Swali hilo nililipeleka kwenye kikao cha maandalizi ya mkutano wa ukoo. Kijana mmoja, mwenye nia njema kabisa, alikuwa tayari na mchoro: simba wawili, katikati kiti cha jadi cha miguu mitatu. Mzee wetu mkubwa kuliko wote alikitazama kwenye simu kwa muda, akairudisha. "Kiti kile si chetu," akasema. "Sisi tulikuwa watu wa chuma."

Kwa asiye Mfipa inabidi nieleze uzito wa maneno hayo. Simulizi ya Milansi husimuliwa kwa namna zaidi ya moja, lakini shina lake ni hili. Ntatakwa, mwene, yaani chifu, wa kwanza wa Milansi, alikwenda kuwinda akamwachia mkewe nyumba. Wakaja wanawake wageni, Watwa. Mke akawapa kiti cha mumewe, wakakikalia. Ntatakwa aliporudi, nchi ilikuwa imeshapata wenyewe wapya. Kutoka kwa Watwa hao zikatokea himaya mbili tulizozikuta, Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabaki na heshima ya ukongwe na mambo ya jadi chini ya mlima wake. Ufipa wote, kwa mujibu wa wazee, ulibadili mikono kwa sababu ya kiti. Halafu leo mjukuu wa mhunzi akichape kwenye fulana kwa sababu kinapendeza? Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini kufutwa kwa madaraka hakukufanya kiti cha mwene kiwe mapambo ya yeyote.

Mtu wa Edinburgh angemwelewa mzee wetu mara moja. Tena ni mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Roy Willis, aliyekaa na wazee wa Ufipa katika miaka ya 1960 akiandika simulizi hizi, na kitabu chake kikubwa juu ya historia ya nchi hii kikatoka mwaka 1981. Nawashukuru waliomsimulia na namshukuru yeye aliyeandika. Inaniuma tu kwamba msimulizi alikuwa jirani yetu na kalamu ikatoka mbali hivyo.

Watu wa chuma ni watu gani? Uwanda wa Ufipa ulijulikana kwa kuyeyusha chuma. Yapo mabaki ya matanuri, malungu, marefu kupita mtu mzima aliyenyoosha mkono, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu na kupigwa matundu chini yaingize upepo wenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo, hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi, na mwishoni yakatoka majembe. Majembe hayo yalilima, yalitolewa mahari, yalibadilishwa kwa bidhaa. Mkuu wa kazi alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, na bila kikapu hicho hapakuwa na mtu wa kuthubutu kuwasha tanuri. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe aliyaeleza mambo haya kwa kina mwaka 1914, wakati matanuri yalipokuwa bado yanawaka. Baadaye majembe ya kiwandani ya bei nafuu na mazuio ya wakoloni yakaizima kazi.

Basi ukoo wetu unao mwanzo wake, na ni mwanzo wa kujivunia kuliko simba wa kuokota. Lakini hata hilo la uhunzi, nilisema kikaoni, ni kauli ya mzee mmoja. Tuitafutie ushahidi kama wenzetu wanavyofanya.

Wenzetu wana urahisi mkubwa. Uskoti usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha huko kinataja baba na mama wa marehemu, mama kwa jina la kwao. Ukiwa na cheti kimoja cha kifo umeshapanda ngazi moja ya nasaba, na pande zote mbili. Kabla ya hapo kuna vitabu vya parokia, cha kale kabisa kikianzia mwaka 1553. Kwa njia hiyo binti yetu aliwafuata wachimba makaa mmoja baada ya mwingine, akapata majina yao, ya wake zao na vijiji vyao. Sebuleni kwa mama mkwe ubao umeondoka. Mahali pake pana karatasi yenye mti wa ukoo wa watu waliofanya kazi chini ya ardhi, na mama yule, naambiwa, anawaonyesha wageni kwa fahari.

Sisi nasi tuna vitabu vya parokia. Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka ziwani wakapanda uwandani wakifungua misheni moja baada ya nyingine. Kila walipofika walifungua kitabu cha ubatizo. Nimeomba ruhusa nikakaa na kimojawapo, na nawaambia wasomaji hakuna kitu cha thamani zaidi katika ukanda huu kilichoandikwa kwa wino. Ni daftari kubwa la kurasa pana. Mstari mmoja, mtu mmoja: namba, tarehe, jina la ubatizo na la nyumbani, jina la baba, jina la mama, msimamizi, sahihi ya padre. Yote kwa Kilatini, mwandiko umelala upande wa kulia. Pembeni, kwa wino wa rangi tofauti na mkono wa padre mwingine, imeongezwa ndoa ya mtu huyo miaka mingi baadaye, na nani aliyemwoa au kuolewa naye. Kwenye ukurasa mmoja nilimkuta bibi yetu akiwa mtoto mchanga na pia akiwa bibi harusi.

Hapo ndipo nasaba yetu ya mdomo ilipopata mtikisiko. Kuna babu ambaye sisi sote tumemhesabu kuwa ndugu wa tumbo moja na babu yetu. Watoto wake tumewaita baba wadogo tangu tukiwa wadogo. Kitabuni baba zao ni wawili na mama zao ni wawili. Yule mmoja ni msimamizi wa ubatizo wa mwenzake. Niliisoma habari hiyo kikaoni polepole, nikijua inakata wapi. Palikuwa na kimya, kisha shangazi akasema ndugu aliyeshika mtoto kisimani na akamlea hadi akaoa ni ndugu, na hakuna wa kumtoa. Wote tukaafiki. Lakini sasa imeandikwa ni ndugu kwa njia gani, na vijana wa pande zile mbili wanaotaka kuoana wana pa kuuliza.

Sidharau mdomo. Zaidi ya vitabu hivyo, huku kwetu kuna mdomo tu, na una mengi ambayo padre hakuyauliza. Nadai jambo moja: kila neno la mzee liandikwe pamoja na jina lake, mahali aliposema na tarehe, na kama mzee mwingine amesema tofauti, lile la pili liandikwe chini ya la kwanza bila kufutwa.

Wapo watakaosema hizi ni shughuli za wazungu wenye muda. Wavuke kwenda Buganda. Huko kila ukoo una mnyama au mmea wake wa mwiko, muziro, una wa pili wake, una mdundo wake wa ngoma, una mkuu wake anayetambuliwa na Kabaka, na magomvi ya ukuu wa ukoo yana mahakama yake, ya Kisekwa. Mganda haazimi mamba wa jirani kwa sababu kachorwa vizuri.

Na wanaodhani kumbukumbu hujitunza zenyewe, waangalie ngao yetu ya taifa. Tunaijua wote, Bibi na Bwana wameshika pembe za ndovu, pamba na karafuu miguuni, Mlima Kilimanjaro chini, na maneno Uhuru na Umoja. Tunayo sheria ya kulinda nembo za taifa tangu mwaka 1971. Lakini mwaka 2017 alipopatikana Buguruni mzee Francis Maige Kanyasu, aliyeitwa Ngosha, akiwa mgonjwa na fukara, akisema yeye ndiye aliyeichora, nchi ilianza kuuliza. Wengine walimtaja Jeremiah Kabati wa Mwanza. Mzee Ngosha alifariki mwezi Mei mwaka huo huo, na mabishano yakabaki kwa walio hai. Ikiwa mkono uliochora ngao ya taifa zima unabishaniwa ndani ya kipindi cha uhai wa mtu mmoja, nini kitabaki cha babu yako wa Msanzi asiyepigwa picha hata siku moja?

Nina maombi, na nayaelekeza kwa wenye uwezo wa kuyatimiza. Kwa parokia zetu za Jimbo la Sumbawanga: ruhusuni vitabu vya zamani vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya mchwa na unyevu. Baadhi kingo zimeshaanza kukatika, na ndoa zimeandikwa kingoni. Wafadhili wa fulana wapo. Waombeni wagharamie kazi hiyo. Kwa Halmashauri ya Kalambo: tengeni kabati moja linalofungwa, pale Matai, koo zinazoandika vitabu vyao ziweke nakala humo. Hatudai mahakama ya Lord Lyon. Kabati na daftari la kupokelea vinatosha kwa kuanzia. Kwa makatibu wenzangu: pesa ya mchango wa mwaka itoe kwanza kitabu, ndipo itoe nguo.

Mwaka huu ukoo wetu utavaa fulana nyeupe zenye jina peke yake. Nembo tumeijadili na tumeielezea kwa maneno kwenye muhtasari, kwa namna ya kule Edinburgh: tanuri refu la udongo, jembe la Kifipa juu yake makali yakitazama chini, uwanja wa rangi ya ardhi nyekundu. Haijapitishwa. Kijana aliyeleta simba ndiye aliyetaka chini ya tanuri pawepo na kikapu cha intangala, na mzee akamkumbusha kuwa kikapu kilishikwa na nyumba moja tu katika ukoo, iliyohamia ng'ambo ya Mto Kalambo, upande wa Zambia. Nyumba hiyo tuna namba zao za simu. Imeamuliwa nikawaone kabla ya Pasaka, niwaombe ruhusa, na niwaulize kikapu chenyewe kilipo.